Jerry Goldsmith, mtunzi aliyeipa mashine kiti ndani ya okestra

Jioni mjini Juba, uwanja wa mpira wa kikapu wa Nimra Talata husikika kabla haujaonekana. Mpira mmoja unadunda kwenye saruji, kisha mwingine, kisha mingine mitano, kila mmoja na mwendo wake. Katika nchi ambayo timu yake ilifika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 na kuifunga Puerto Rico kwa pointi 90 kwa 79, mlio huo ni wa kila siku, kama honi za bodaboda na ngurumo za jenereta.

Mwaka 1986, mtunzi mmoja wa muziki wa filamu nchini Marekani aliuona mlio huohuo kuwa ngoma. Alichukua milio ya mipira iliyorekodiwa ikidunda kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo, akaitia ndani ya muziki wake. Juu ya mdundo huo aliweka vinanda vya umeme, na pamoja navyo fidla na tarumbeta za okestra nzima. Filamu iliitwa Hoosiers, hadithi ya timu ya shule ndogo ya kijijini inayofika fainali ya jimbo la Indiana. Mtunzi aliitwa Jerry Goldsmith.

Wengi wa Afrika Mashariki hawalijui jina hilo, lakini masikio yao yanaijua kazi yake. Filamu tatu za kwanza za Rambo, za mwaka 1982, 1985 na 1988, zilizojaza vibanda vya video kuanzia Mombasa hadi Kampala, zote zina muziki wake. Ndivyo ilivyo pia kwa The Omen, Gremlins, Total Recall, Mulan na The Mummy. Na kila dereva wa lori anayevuka mto Tsavo akiwa na mzigo wa Juba anapita mahali ambapo hadithi yake iliwahi kupewa sauti na mtu huyu.

Kijana aliyetoka sinema na uamuzi

Goldsmith alizaliwa Los Angeles tarehe 10 Februari 1929. Baba yake alikuwa mhandisi wa majengo, mama yake mwalimu. Alianza kujifunza piano akiwa na miaka 6. Alipofika ujana alifundishwa piano na Jakob Gimpel, na utunzi na Mario Castelnuovo-Tedesco, Mwitaliano wa asili ya Kiyahudi aliyekimbilia Marekani kuokoa maisha yake wakati wa utawala wa Mussolini.

Mwaka 1945, akiwa na miaka 16, aliingia sinema kutazama filamu ya Spellbound. Muziki wake ulitungwa na Miklós Rózsa, mzaliwa wa Hungaria. Rózsa alikuwa amechukua okestra ya kawaida na kuiongezea ala ngeni iitwayo theremini, iliyobuniwa na Mrusi mmoja miaka 25 hivi kabla ya hapo. Theremini haiguswi. Mpigaji husimama mbele ya sanduku lenye fimbo mbili za chuma na kusogeza mikono hewani. Mkono mmoja hupandisha na kushusha sauti, mwingine huikuza na kuipunguza. Mlio wake hukaribia sauti ya mtu anayelia kwa mbali. Katika filamu hiyo, mlio huo ulikuwa wa akili iliyojeruhiwa, na fidla zilikuwa za mapenzi. Rózsa alipata Tuzo ya Oscar.

Goldsmith aliondoka pale ameshaamua atafanya nini maishani. Baadaye alihudhuria masomo ya Rózsa katika Chuo Kikuu cha Southern California, kisha akaendelea katika Chuo cha Jiji la Los Angeles. Somo la siku ile ya sinema hakulisahau: sauti ya umeme inaweza kukaa na fidla, mradi kila moja iwe na jambo lake la kusema.

Karani wa kupiga chapa

Njia ya kuingia kazini haikuwa na zulia jekundu. Mwaka 1950 aliajiriwa na kampuni ya utangazaji ya CBS katika idara ya muziki, akiwa karani wa kupiga chapa. Kutoka kwenye taipureta alipenya taratibu hadi kuandika muziki wa michezo ya redio, kisha ya televisheni.

Televisheni ya wakati ule ilikuwa shule ngumu. Michezo mingi ilirushwa hewani moja kwa moja, na muziki ulitakiwa uwe tayari kwa saa iliyopangwa. Bajeti ilikuwa ndogo na wanamuziki wachache. Mtunzi alilazimika kuuliza kila mara ni ala ipi moja inayoweza kufanya kazi ya tano. Huko ndiko Goldsmith alikojifunza kutoogopa sauti ngeni. Asiyeweza kulipa fidla 30 hutafuta kitu kingine cha kuushtua moyo wa msikilizaji.

Filamu yake ya kwanza, Black Patch, ilitoka mwaka 1957. Kazi yake katika filamu ya Freud ya mwaka 1962 ilimpa uteuzi wake wa kwanza wa Oscar. Mwaka 1968 alitunga muziki wa Planet of the Apes, ambamo wanamuziki walipiga mabakuli ya chuma cha pua ya kuchanganyia unga, na ngoma ya Brazil iitwayo cuíca ikalia kama nyani. Watazamaji wengi walidhani zile ni mashine. Zilikuwa vyombo vya jikoni na ngoma.

Mashine yaingia kazini

Mashine zenyewe zilikuja hatua kwa hatua. Katika filamu ya Patton ya mwaka 1970, tarumbeta zinapiga noti tatu za haraka, kisha noti hizo zinajirudia na kufifia kama mwangwi wa bondeni. Kazi hiyo ilifanywa na kifaa cha utepe kinachorudiarudia sauti. Hakikuwekwa kwa ajili ya urembo. Jenerali wa hadithi hiyo aliamini kwamba aliwahi kuishi na kupigana zamani, katika maisha mengine, na mwangwi ule ukawa sauti ya zamani hizo zikimwita.

Kisha ikaja sinthesaiza, kinanda kisicho na nyuzi wala mirija, ambacho sauti yake yote hutengenezwa na mkondo wa umeme. Sinthesaiza za miaka ya 1970 zilikuwa na shida zake. Nyingi zilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja, na joto lilipobadilika, sauti nayo iliteleza. Kuzioanisha na okestra ya watu kadhaa kulitaka subira.

Mwaka 1976 Goldsmith alionyesha zinafaa kwa kazi gani. Filamu ya Logan's Run inahusu mji uliofunikwa kwa kuba, ambamo hakuna anayeruhusiwa kuishi zaidi ya miaka 30. Muziki wa ndani ya mji ule aliujaza sauti za kielektroniki, baridi na zisizo na pumzi. Wakimbizi wawili wanapotoka nje na kuliona jua kwa mara ya kwanza, okestra nzima inafunguka. Hata asiyejua jina la ala moja huhisi kwamba ametoka gizani. Mashine isingetangulia, mapambazuko yale yasingekuwa na uzito huo.

Mwaka huohuo alitunga muziki wa The Omen, kwa kwaya na okestra. Kazi hiyo ndiyo iliyompa Oscar yake mwaka 1977. Katika maisha yake yote aliteuliwa mara 18 na kushinda mara hiyo moja tu.

Kwa Star Trek: The Motion Picture ya mwaka 1979, mwongozaji Robert Wise aliukataa muziki wa kwanza alioletewa kwa sababu hakusikia ndani yake wimbo mkuu wa kuibeba filamu. Goldsmith hakununa. Alirudi mezani na kuandika wimbo ambao baadaye ulitumika pia katika mfululizo wa televisheni na kujulikana duniani kote. Kwa ajili ya kile kitu kikubwa kinachokuja kutoka angani, alimtumia mpigaji wa chombo kiitwacho blaster beam: boriti ya chuma yenye urefu wa mita kadhaa, iliyotandikwa nyaya na kuunganishwa na umeme. Mlio wake mzito uliwekwa chini ya okestra, na ukumbi wa sinema ukatetemeka.

Hofu ya mkate kuondoka

Miaka hiyo wanamuziki walikuwa na hofu ya kweli. Sinthesaiza moja na mtu mmoja wangeweza kuiga, japo vibaya, kazi ya watu 40. Mwaka 1982 tawi moja la chama cha wanamuziki mjini London lilipitisha azimio la kutaka vyombo hivyo vizuiwe. Mpiga fidla aliyetumia miaka 20 kujifunza aliona mtoto wa watu akibonyeza kitufe na kuitwa okestra.

Goldsmith alisimama mahali pa pekee katika mgogoro huo. Alizipenda mashine. Mwaka 1984 alitunga muziki wa filamu ya maroboti, Runaway, kwa sinthesaiza peke yake. Lakini zaidi ya yote alizitaka ziwe familia moja zaidi ya ala, pamoja na zile za nyuzi, za mbao, za shaba na za kupigwa. Sehemu ya sinthesaiza aliiandika kwenye karatasi ileile ya muziki iliyokuwa na sehemu ya fidla na ya filimbi. Wapigaji wake aliwaketisha chumba kimoja na okestra, wakitazama mkono uleule wa kiongozi, badala ya kuziongeza sauti zao baadaye studioni wakati wengine wamekwenda nyumbani.

Njia hiyo ilikuwa ghali na ya usumbufu, maana mashine ikikorofisha okestra nzima husubiri huku saa ya malipo ikienda. Faida yake ilikuwa moja. Mpiga fidla alisikia sinthesaiza ikipanda naye akapanda, na mpiga sinthesaiza alisikia tarumbeta ikishusha pumzi naye akangoja.

Kazi iliyotupwa

Mwaka 1985 alipata pigo lililomuuma sana. Kwa filamu ya Legend ya mwongozaji Ridley Scott alikuwa amefanya kazi kwa miezi mingi. Alitumia okestra ya London, kwaya, na sinthesaiza zilizofumwa katikati yake. Wakubwa wa studio nchini Marekani wakaingiwa na wasiwasi kwamba vijana hawatakuja. Filamu ikakatwa, na kwa soko la Marekani muziki wake ukaondolewa wote. Mahali pake pakawekwa kazi ya Tangerine Dream, kundi la Ujerumani lililojulikana kwa muziki wa sinthesaiza.

Hivyo filamu moja ikauzwa na nyimbo mbili tofauti. Aliyeitazama Ulaya alimsikia Goldsmith, aliyeitazama Marekani hakusikia hata noti yake moja. Hata kwa muziki huo mpya, mauzo ya Marekani hayakuwa ya kujivunia. Mwaka 2002 toleo refu la mwongozaji lilipotolewa kwenye DVD, muziki wa Goldsmith ulirudishwa, miaka 17 baada ya kutupwa.

Ukweli ni kwamba desturi hiyo iliwahi kumnufaisha yeye mwenyewe. Mwaka 1974 muziki wa filamu ya Chinatown ulikataliwa ukiwa umekwisha rekodiwa, na Goldsmith akaitwa kuokoa jahazi. Aliandika muziki mpya kwa siku 10, akitumia tarumbeta moja, ala za nyuzi, piano nne, vinubi vinne na ala za kupigwa. Leo unahesabiwa kati ya kazi bora za filamu za Marekani. Biashara ya filamu ilimpa mlango kwa mwenzake kufungiwa, kisha ikamfungia na yeye. Alilalamika, lakini hakuacha kazi. Mwaka uliofuata Legend ndipo alipotoa Hoosiers, na milio ya mipira ikamletea uteuzi mwingine wa Oscar.

Simba wa Tsavo

Miaka ya 1990 kazi ilimleta upande huu wa dunia, japo kwa njia ya pazia la sinema. Mwaka 1995 ilitoka filamu ya Congo, iliyotokana na riwaya ya Michael Crichton, mtu yuleyule aliyeongoza Runaway. Ni hadithi ya almasi na sokwe katika misitu ya Virunga. Goldsmith alishirikiana na mwimbaji wa Afrika Kusini, Lebo M, ambaye sauti yake ilikuwa imesikika mwaka mmoja kabla katika The Lion King.

Mwaka 1996 ikafuata The Ghost and the Darkness, hadithi ya simba wawili wa Tsavo. Mwaka 1898 simba hao waliwavamia wajenzi wa reli ya Uganda waliokuwa wakijenga daraja juu ya mto Tsavo. Kazi ilisimama na mamia ya vibarua wakakimbia. Mhandisi John Henry Patterson aliwaua wote wawili mwezi Desemba mwaka huo. Yeye alidai kwamba simba wale waliua watu 135. Wanasayansi waliochunguza mifupa na manyoya yao, yaliyohifadhiwa katika makumbusho ya Field mjini Chicago, walikadiria mwaka 2009 kuwa idadi ilikuwa karibu watu 35.

Hadithi hiyo ni ya njia ya biashara. Reli ilitoka Mombasa kwenda bara, na barabara ya leo inafuata mkondo uleule. Kontena la mchele, saruji au vipuri linaloshushwa Mombasa kwenda Juba huvuka Tsavo kwanza, ndipo lifike Nairobi, Malaba, Gulu, Elegu na Nimule. Waliokufa pale walikuwa vibarua wa Kihindi na Waafrika waliofungua njia ambayo wengine wanaipatia riziki hadi leo.

Filamu yenyewe ilipigwa zaidi Afrika Kusini, na watu wa Tsavo wanaweza kuona kasoro nyingi ndani yake. Lakini katika muziki, Goldsmith alijaribu kuwapa nafasi wote waliokuwapo darajani. Mhandisi mwenye asili ya Ireland ana wimbo wa kwao. Vibarua wa Kihindi wana sauti zao, na Waafrika wana zao. Okestra inabeba ukubwa wa nyika, na sauti za kielektroniki zinaingia pale hofu inapoingia, usiku, wakati nyasi zinatikisika na hakuna anayeonekana. Ilikuwa hesabu ileile ya Spellbound ya mwaka 1945: kinachoeleweka kwa macho kilipewa ala za mikono na pumzi, kisichoonekana kikapewa umeme.

Mwisho wa safari

Goldsmith aliendelea kufanya kazi hata baada ya saratani kumpata. Filamu yake ya mwisho, Looney Tunes: Back in Action, ilitoka mwaka 2003. Alifariki dunia nyumbani kwake Beverly Hills tarehe 21 Julai 2004, akiwa na miaka 75. Mwanawe Joel, aliyefuata kazi ya baba na kuwa fundi wa sauti za kielektroniki, alitunga muziki wa televisheni na filamu hadi naye alipofariki mwaka 2012.

Zaidi ya miaka 20 imepita, na mchanganyiko aliouhangaikia umekuwa wa kawaida. Leo kompyuta ndogo inabeba sinthesaiza, ngoma na sauti za fidla 60 ndani ya mfuko mmoja. Kijana wa Juba anayetengeneza filamu fupi hahitaji ukumbi wala okestra ya London. Wimbo mzima unaweza kutoka mikononi mwa mtu mmoja, usiku mmoja, jenereta ikiwa na mafuta.

Hapo ndipo swali la mwaka 1982 linaporudi, safari hii mlangoni kwa watu wa hapa. Kwenye harusi nyingi za mji, kinanda kimoja cha umeme kinafanya kazi ya kundi zima, na mpiga ngoma aliyekuwa akilipwa anabaki nje akisikiliza ngoma ya bandia. Bei inapungua, na kitu kingine kinapungua pamoja nayo. Goldsmith alikuwa na uwezo wa kufanya hivyohivyo na kubakiza fedha nyingi zaidi. Alifanya hivyo katika hadithi ya maroboti. Lakini mara nyingi aliwaita binadamu wapige, kisha akaivutia mashine kiti, ikae nao na kungoja zamu yake.

Ngoma za Juba bado zipo, makanisani na kwenye ngoma za jadi za Wabari, Wadinka na Wanuer. Vinanda vya umeme navyo vipo, vingi vikiwa vimepita Nimule juu ya malori. Na milio ya mipira ya Nimra Talata haimgharimu mtu chochote.